Mwaka Ambao Mama Alikuwa Bondeni

Dada yangu Mwajuma tumemzika juzi hapa Kibiti, baada ya sala ya alasiri, na nyumba bado imejaa watu. Wanawake tumekaa mikekani ndani, wanaume wako nje chini ya turubai, na uani sufuria za wali hazipoi. Nimekaa mpaka miguu imekufa ganzi, na nikijichunguza vizuri naona si miguu peke yake. Watu wanaingia, wananishika mkono, wananipa pole, naitika, nawaangalia wanavyolia. Wengine wanalia kwa ustadi kabisa, wanaanzia barazani ili tuwasikie kabla hawajavua viatu. Mimi machozi hayaji. Nimeshaonwa, na najua uani wanasema nini, kwa sababu walikwisha kusema hayohayo zamani, nilipotoka Ufaransa.

Leo asubuhi shemeji yangu Athumani, mume wa marehemu, aliniita pembeni mlangoni. Alikuwa na simu mkononi, ameishika kwa vidole viwili kana kwamba inaunguza.

“Shemeji Somoe, Shabani kapiga tena.”

Shabani ni mtoto wao wa pekee. Yuko Uturuki, anamalizia chuo, na mitihani ya mwisho imeshaanza.

“Umemwambiaje?”

“Nimemwambia mama yake presha imepanda, kapewa dawa, kalala. Sasa maneno yameniishia. Akipiga tena pokea wewe. Wewe ndiye uliyewahi kukaa huko ng’ambo, unajua namna ya kusema na mtu aliye mbali.”

“Na mimi nimwambie kalala?”

“Mpaka amalize mitihani, shemeji. Akifika hapa atatukuta. Tutampokea.”

Nikachukua simu, nikarudi nayo mkekani, nikaiweka mapajani. Sikumwambia kama nimekubali au nimekataa. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba akiwa peke yake. Anaambiwa kuna mgonjwa, anaitwa, na akishashuka stendi anakuta ndugu wa kumshika mkono mpaka nyumbani, na huko mlangoni ndipo anapopewa habari yenyewe akiwa katikati ya watu. Ni huruma ile. Sijawahi kusema si huruma. Lakini mimi nimewahi kufanyiwa, na mtu aliyenifanyia ni huyuhuyu tuliyemzika juzi. Kwa hiyo nimekaa hapa na simu ya Athumani mapajani nikiwaza mwaka ule, na kila mtu anadhani namuwaza marehemu.

Nilikuwa nafanya kazi Dar es Salaam, nyumbani kwa Wafaransa, nikilea mtoto wao wa kike aitwaye Klara. Mkataba wa baba ulipokwisha wakaamua kurudi kwao kwa mwaka mmoja, kwa sababu bibi yake Klara, mzaa mama, alikuwa ameanguka ngazini akavunjika nyonga na alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya ghorofa. Mama Klara akaniuliza kama nitakwenda nao kumtunza. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Nilikuwa kijana, na nilitaka kurudi Kibiti nikiwa nimeiona theluji. Theluji niliiona, ikayeyuka siku ya pili, na ikaacha matope ambayo hayana tofauti na ya kwetu. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, una mto, daraja, kanisa na duka la mikate ambalo watu walilipangia foleni asubuhi na mapema. Sitautaja jina. Wakati ule nilikuwa nalitamka vibaya, na sasa nikilitamka vizuri nitaonekana naringa.

Nyumba ya bibi ilinukia nta ya sakafu na jibini. Chini kulikuwa na jiko kubwa lenye vigae vyekundu na meza ndefu iliyojaa alama za visu, halafu ukumbi wa kulia chakula, na kati yake ujia mwembamba ambako simu ilikaa juu ya kimeza. Chumba changu kilikuwa ghorofani, mkabala na cha bibi, na tuliacha milango wazi ili akihitaji kugeuzwa aniite. Alikuwa mama mkali, mwembamba, mwenye macho ya kukagua. Siku za kwanza aliniambia supu yangu ni maji ya kuoshea vyombo, na mimi nikamwambia Mama Klara amwambie kwamba nyama yao ya sungura siwezi kuigusa hata kuipika. Baadaye tulizoeana. Mimi nilikula mayai, viazi na samaki, naye akaacha kuniwekea glasi ya divai. Mama Klara alikaa Dar miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kwa hiyo shida zangu zote zilipitia kwake. Kifaransa nilikiokota taratibu, kwanza maneno ya jikoni, halafu ya dawa, halafu ya maumivu.

Kila Ijumaa baada ya kuosha vyombo vya mchana nilipiga simu nyumbani. Mwajuma ndiye aliyekuwa na simu ya mkononi, na mama aliishi naye. Miezi ya mwanzo niliongea na mama mwenyewe, akipiga kelele kwenye simu kama ananiita ng’ambo ya mto, akiniuliza kama huko kuna muhogo. Halafu ikaja masika, na Ijumaa moja Mwajuma akaniambia mama hayupo.

“Kaenda wapi?”

“Kashuka bondeni. Mpunga unashika, na ndege mwaka huu wamezidi. Kakaa dunguni.”

Sikuona ajabu yoyote. Watu wa Rufiji wote wanajua kwamba mpunga ukianza kubeba, mwenye shamba anahamia bondeni, anakaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa kukwepa maji na wanyama, akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Simu huko ilikuwa haishiki. Nikasema msalimie. Wiki iliyofuata nikauliza, yuko bondeni. Wiki nyingine, yuko bondeni. Mavuno yalipofika nilijua wanavuna, na baada ya mavuno nilijua wanapura. Na hapa ndipo ninapojicheka, maana siku moja Mwajuma alisita kidogo kabla ya kunijibu, mimi nikamsaidia. Nikamwambia, “Au kaunganisha na mlau?” Mlau ni kile kilimo chetu cha pili, maji ya mafuriko yakipungua unapanda mahindi na kunde kwenye ardhi iliyobaki na unyevu. Mwajuma akasema, “Eeh, kaunganisha na mlau, huyu mama hasikii la mtu.” Tukacheka wote wawili. Mtu wa mahali pengine angeuliza ni mzee gani huyo anayekaa shambani kutoka masika mpaka kipupwe bila kupanda barabarani hata siku moja kununua chumvi. Mimi nilikuwa mtu wa huku, kila msimu ulikuwa na jibu lake, na majibu yakikauka nilikuwa nayo mengine ya kumpa.

Mwaka ule mji ulikuwa unatimiza miaka sitini tangu Wajerumani watolewe. Maandalizi yalianza mapema kiangazi. Madirisha yakafungwa bendera, jirani yetu aliyekuwa fundi bomba akatoa gerejini kwake gari la jeshi la zamani akalisugua kila jioni, na watu wazima wenye akili zao wakashona sare za Kimarekani ili siku hiyo waingie mjini wamevaa kama wale waliokuja kweli. Bibi aliyaangalia yote kutoka dirishani na kusema kwamba wale wa kweli walikuwa wachafu zaidi. Yeye siku hiyo alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Kaka yake, Marseli, alipigwa risasi na Wajerumani pale kwenye daraja siku moja kabla Wamarekani hawajafika. Mwenye duka la mikate ndiye aliyeleta habari, alikuja mbio mikono imejaa unga, akasimama mlangoni akasema moja kwa moja, Marseli amekufa. Bibi alinisimulia hayo nikimsugua miguu mafuta, kwa Kifaransa cha polepole alichonitengea mimi, na nikamuuliza mama yake alifanyaje. Akasema alimpa yule mtu kiti.

Nikamwambia hata kwetu Wajerumani walipita. Kuna meli yao ya vita iliyozama kwenye matope ya delta ya Rufiji, na Umatumbini, walikotoka watu wetu, Wajerumani hao waliua watu wengi hata kabla ya vita iliyoizamisha meli hiyo. Akaniuliza siku ya kuwakumbuka ni lini. Nikasema hatuna siku. Akauliza na majina yao yameandikwa wapi. Nikaendelea kusugua miguu.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Tulimsukuma bibi kwenye kiti cha magurudumu mpaka uwanjani, mbele ya mnara wa waliokufa vitani, amevaa nguo ya buluu na mkufu. Bendi ilipiga. Magari ya jeshi yakaingia watu wakayashangilia, watoto wakarushiwa pipi, wanawake wakawabusu wale Wamarekani wa bandia, na fundi bomba wetu akapita amesimama garini anapunga mkono kama aliyeikomboa dunia peke yake. Halafu bendi ikanyamaza na mwalimu wa shule akapanda jukwaani kusoma majina. Alikuwa anasoma jina moja, ananyamaza, na wazee waliopanga mstari wenye bendera wanaitika kwa pamoja: amekufa kwa ajili ya Ufaransa. Jina jingine, amekufa kwa ajili ya Ufaransa. Yalikuwa mengi kuliko nilivyotegemea kwa mji mdogo namna ile. Sikuwa nimewahi kuona watu wakitajiana kifo hadharani vile, juani, watoto wanasikia, baada ya miaka yote hiyo. Lilipotajwa la Marseli, bibi aliitika na wazee kwa sauti kubwa, mkono wake umeshika wangu. Hakulia. Neno lao la kufa nililisikia asubuhi ile mara nyingi sana, na hata kama sikulijua kabla, pale nisingeweza kulikosa.

Mchana kulikuwa na karamu nyumbani. Ndugu walijaa ukumbini, meza imeunganishwa na nyingine mpaka mlangoni, kuku wa kuoka, saladi ya viazi, matikiti, mikate mirefu. Mimi nilikuwa napeleka na kurudisha sahani. Wageni walipotoka bustanini kupiga picha, nikabaki jikoni napanga jibini kwenye ubao, na Mama Klara akabaki ukumbini na mama yake. Nikawasikia wanazozana. Mwanzoni sikujali, walizozana kila siku. Halafu nikasikia jina langu. Nikasogea ujiani na ubao wangu wa jibini, nikasimama karibu na kimeza cha simu.

Bibi alikuwa anasema polepole na kwa nguvu, maana hasira ilimfanya atamke vizuri. “Mama yake amekufa tangu masika, na huyu binti ananiogesha mimi, anapika mayai, kila Ijumaa anauliza hali ya maiti. Mpaka lini?”

Mama Klara akajibu, “Dada yake ndiye aliyeomba. Alinipigia mimi, analia. Ndivyo wanavyofanya kwao, mama. Si haki yangu kuivunja.”

“Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano na niliambiwa ndani ya saa ileile.”

“Wewe ulikuwa nyumbani kwenu,” Mama Klara akasema.

Ningependa kuandika kwamba ubao ulinianguka. Haukuanguka. Nilisimama pale mpaka waliponyamaza, nikaingia, nikaweka jibini katikati ya meza, nikakusanya sahani chafu. Bibi aliniangalia usoni na nikajua anajua nimesikia. Mama Klara hakunitazama. Nikarudi jikoni nikaosha kila kitu, glasi kwanza, halafu sahani, halafu sufuria. Nakumbuka nilikuwa nawaza kwamba maji ni ya moto sana lakini mikono haisikii. Uwanjani muziki ulikuwa umeanza tena, watu walikuwa wanacheza dansi ya zamani, na Klara akaja kunivuta kanga twende tukacheze. Nikaenda. Nilizunguka naye pale uwanjani mpaka alipochoka, watu wakitupigia makofi. Nilisikia huzuni iko mahali fulani, kama mtu anayegonga nyumba ya jirani, na mimi sikuinuka kufungua.

Watu watauliza kwa nini sikusema. Hata mimi nimejiuliza. Ijumaa iliyofuata nilikaa kwenye kimeza kile, nikapiga, Mwajuma akapokea, nikamwamkia, akaitikia, na mdomo wangu ukauliza wenyewe, “Mama hajambo?” Akasema hajambo, yuko mlau. Nikasema msalimie. Akasema salamu zitafika. Ikawa hivyo kila Ijumaa mpaka mwaka ulipokwisha. Nadhani nilikuwa nasubiri aniambie. Sikutaka kumnyang’anya habari ambayo ilikuwa yake kunipa, wala sikutaka kifo cha mama kiwe kitu nilichookota ujiani kwa lugha ya watu nikiwa na jibini mkononi. Nilitaka niambiwe kwa sauti ya dada yangu. Na kila aliponiambia hajambo nilimchukia kidogo, na nilifarijika kidogo, na sikujua lipi kubwa. Bibi naye hakusema kitu tena. Ila jioni zile, nikimgeuza kitandani, alikuwa ananishika mkono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Niliporudi, walinipokea stendi ya Kibiti shangazi, majirani na Mwajuma mbele yao. Tulitembea kimya mpaka mlangoni na hapo akanikumbatia. “Mdogo wangu Somoe, mama hatunaye.” Wanawake wakaangua kilio. Mimi nikasema, “Haya.” Nilisema hivyo tu, kama mtu aliyeambiwa chakula tayari, na nikasikia mmoja ananong’ona kwamba Ulaya imenikausha moyo. Nilipouliza mama aliondokaje, kila mtu alikuwa amekwisha kusimulia mpaka amechoka, nikapewa kwa kifupi: homa, siku chache, akaenda. Nilipelekwa kaburini, nyasi zimeshaota. Mwajuma aliishi miaka yote iliyobaki akisimulia kwa fahari jinsi alivyonificha nisije nikachanganyikiwa ugenini. “Nilimbeba mdogo wangu mwaka mzima,” alikuwa anasema, na mimi nimekaa hapo hapo namenya vitunguu. Jirani alinieleza baadaye kwamba kila Ijumaa baada ya simu yangu alikuwa anakwenda nyuma ya banda la kuku anakaa huko mpaka magharibi. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mmoja kila upande wa simu, na kila mmoja anadhani anamtunza mwenzake. Nilimpenda sana Mwajuma. Amekufa hajui.

Simu imelia mapajani mchana huu watu wanapakua. Jina la Shabani limewaka. Athumani, kule mlangoni, ameinua uso ananitazama. Nikainuka, nikapita katikati ya wanawake mpaka nyuma ya nyumba ambako hakuna mtu, nikapokea, nikasema haloo.

“Shikamoo mama mdogo.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mama hajambo?”

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa. Na mimi sauti ile naijua. Naijua kuliko mtu yeyote aliyekaa kwenye nyumba hii.

“Shabani,” nikasema, “uko na nani hapo?”

“Niko peke yangu chumbani.”

“Kaa chini.”

“Nimekaa.”

“Mama yako amefariki, mwanangu. Juzi alfajiri. Tumemzika alasiri.”

Nikasikia gari linapita huko kwao. Halafu akapumua.

“Najua, mama mdogo. Nimeona juzi kwenye status ya binamu, kaweka picha ya mama na maneno ya innalillahi, halafu akaifuta. Napiga kila saa, baba ananiambia kalala. Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aniambie.”

Upande wa pili akaanza kulia, kilio cha mtoto, cha kukatikakatika, na mimi nikaegemea ukuta nikamsikiliza. Athumani alikuwa amefika kwenye kona ya nyumba, amesimama. Sikumfukuza wala sikumwita. Baada ya muda mrefu Shabani akapenga kamasi.

“Nani alimwosha?” akauliza.

“Mimi,” nikamwambia. “Kwa mikono yangu. Na maji yalikuwa ya uvuguvugu.”